Mwoka Mikate wa Dirisha la Tatu

Ijumaa, 13 Novemba 1992. Mvua tangu alfajiri, ikakatika karibu na adhuhuri, na sasa jua la jioni linachungulia kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

Daftari, leo sikuamini hata wewe.

Nimekupakata dakika nzima kabla ya kufungua kalamu, nikijiuliza ni nani anaweza kukusoma nikitoka. Naandika Kiswahili kama kawaida yangu, lakini hiyo si kinga. Mji huu wote unajua Kiswahili cha kutosha kumfunga mtu.

Lakini nisipoandika sitalala, kwa hiyo naandika.

Ni wiki ya tano sasa nachora madirisha ya kanisa. Mimi, Hamisi wa Biryogo, mchora mabango, ambaye nusu ya vichwa vilivyo juu ya milango ya vinyozi wa mtaa huu ni kazi ya mkono wake. Wakristo wananiita Muswahili kama wanavyotuita Waislamu wote. Mjomba wangu, ambaye tangu zamani hataki nichore sura za watu, aliposikia nachora watakatifu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama rangi inatosha. Nilijua alitaka kusema jingine.

Kazi yenyewe alinipa Padri Lambeti, Mbelgiji mzee wa parokia iliyo ng'ambo ya bonde. Ujana wake aliutumia Bukavu, na Kiswahili chake kimebaki huko. Kanisa lake lina madirisha sita marefu ya fremu za chuma, kila moja lina vioo vidogo vingi vinavyolingana na sinia ya chai. Ndoto yake ni vioo vya rangi kama vya kwao. Vioo vya rangi hatuna. Tuna rangi ya mafuta, vanishi, na Hamisi.

Basi akanipa kitabu. Kinene, kizito, kina picha kila ukurasa, kinaeleza habari za kanisa kuu moja la kaskazini mwa Ufaransa lililojengwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Kifaransa changu ni cha kubabaisha, lakini picha hazihitaji ruhusa ya mtu, na palipo pagumu Padri alinisaidia.

Nakiri nilianza kukisoma kwa shaka. Nilidhani ni kile kitu chao cha kutuonyesha walivyokuwa wakubwa zamani. Lakini kilinishika. Kanisa lile liliungua, likajengwa, likaungua tena, na watu wa mji wakavuta wenyewe mikokoteni ya mawe kutoka machimboni. Babu aliweka msingi na mjukuu akaezeka paa. Majina ya waliotengeneza vioo hayajulikani hata moja. Hapo niliwapenda. Mimi pia sitii sahihi kwenye mabango yangu, ingawa kwa sababu nyingine: mwenye bucha akigombana na jirani yake, nisije nikaulizwa.

Ndani ya kanisa lile, daftari, ni ajabu. Nguzo zinapanda mpaka shingo inauma kwa kutazama picha tu. Matao hayakuviringana kama ya msikiti wetu, yamechongoka juu kama viganja viwili vilivyokutana. Kutoka kwenye nguzo zinatoka mbavu za mawe, zinakutana darini, na uzito wote wa dari unashuka kupitia hizo. Padri alinichorea ujanja wenyewe nyuma ya bahasha: nje ya jengo kuna mikono ya mawe inayoegemeza kuta, hivyo kuta hazina mzigo mkubwa, na palipotakiwa kuwa ukuta wakaweka kioo. Upande wa mbele kuna dirisha la duara, kubwa kuliko nyumba yangu, limegawanyika kama ua lililochanua. Sakafuni kuna njia ya mizunguko iliyopangwa kwa mawe ya rangi mbili, na mahujaji walikuwa wakiifuata kwa magoti mpaka katikati. Niliifuata kwa kidole nikapotea mara mbili, kama mtu aliyeelekezwa nyumba ndani ya vichochoro vya Gitega.

Na pembeni mwa milango wamesimama watakatifu wa mawe. Waliwachonga pamoja na nguzo, kwa hiyo wamekuwa na umbo la nguzo: warefu, wembamba, shingo ndefu, pua ndefu, mikono imebana kifuani.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Nilichora mitume wawili wa dirisha la kwanza kama walivyo kitabuni. Siku ya tatu akaja Bwana Evaristi. Ni mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, ana kazi wizarani huko Kacyiru, mtu wa suti na kijitabu cheusi cha mfukoni. Alisimama chini ya ngazi yangu, mikono nyuma, akatazama juu muda wa kutosha kusali sala nzima.

"Muswahili," akasema, "hawa watakatifu yote mbona iko marefu hivi? Mbinguni hakuna mufupi?"

Padri alicheka mpaka akakohoa. Evaristi naye alitabasamu. Mimi sikucheka, kwa sababu Padri amekaa nchi hii miaka mingi lakini bado anacheka pale ambapo sisi tunahesabu milango ya kutokea.

Niandike waziwazi, maana nikizungukazunguka hata mimi nitakuja kusoma nisielewe. Hapa kwetu mtu akitazama kimo na pua anatafuta kitu kimoja tu: huyu ni Mtutsi au Mhutu. Kimo na pua vinadanganya kila siku, kila mtu ana binamu wa kuthibitisha hivyo, na bado watu wanatazama. Kitambulisho changu kimeandikwa Mhutu kwa sababu babu yangu, mtu wa Ujiji, alipokwenda kuandikishwa, karani alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akaamua. Tangu vita vianze kaskazini, Oktoba ya mwaka juzi, macho ya watu yamezidi kuwa makali. Sasa yamefika mpaka kwa mitume.

Na nitakiri jambo. Siku ile ya kwanza nilipofungua kitabu na kuwaona wale watakatifu wa mlangoni, kabla ya kuona mikunjo ya nguo, kabla ya kustaajabia mkono wa mchongaji, nilichowaza ni hichohicho cha Evaristi. Niliwaza: hawa watatuletea maneno.

Kwa hiyo nikawafupisha.

Kesho yake nilifuta mitume na kuwachora upya, wanene kidogo, shingo fupi, mashavu ya kushiba. Padri akaja akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hamisi, hawa mitume imekula nini?"

Nikamwambia madirisha yetu ni mafupi kuliko ya Ufaransa. Akanitazama. Sijui kama aliniamini. Siku hizi sijui kama kuna mtu anayemwamini mtu, au sote tunakubali tu ili mazungumzo yaishe.

Kuna jambo moja kwenye kitabu nililolipenda kuliko yote. Vioo vile vililetwa na mafundi wa mji, kila chama cha ufundi na dirisha lake, na chini kabisa ya dirisha wakajichora wenyewe kazini. Juu kuna malaika na manabii, chini kuna mshona viatu ameuma uzi, kuna mchinjaji na ng'ombe wake, kuna waoka mikate wawili wenye ndevu wanakanda unga. Nikamwuliza Padri kama naweza kuwaweka mafundi wetu. Alifurahi kama nimempa zawadi. Nikachora seremala, nikachora mshona viatu. Hizo sura nilizitoa kichwani.

Ya mwoka mikate sikuitoa kichwani.

Veneranda, ambaye wateja tunamwita Mama Klodina, anaoka mikate midogo Gitega, kwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake. Kila asubuhi nikienda kazini napitia kwake. Ana namna ya kuinama mbele ya tanuri, jicho moja amelifumba kwa ajili ya joto, midomo ameikaza, na anageuza mkate kwa kidole kana kwamba anamwamsha mtoto. Nimeona uso ule miaka minane. Nilipofika kwenye dirisha la tatu, chini, upande wa kushoto, mkono ulikwenda wenyewe. Ni kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, mimi niliyechora ng'ombe wa bucha ambaye watu husimama kumpiga picha.

Sikumwomba ruhusa. Hilo ndilo kosa langu, na sitalipaka rangi.

Kwa sababu Veneranda si mtu wa kuwekwa dirishani. Mumewe, Tadeo, alichukuliwa ile Oktoba, pamoja na wengi, wakaambiwa ni ibyitso, yaani wasaliti wanaosaidia adui kutoka ndani. Alirudi baada ya miezi sita. Hatembei vizuri, na hajasema walimwonyesha nini huko. Tangu hapo Veneranda ameishi kwa kutokuonekana. Haendi harusini, hakai mbele kanisani, haongezi sauti ya redio, na mteja akianza habari za siasa anakumbuka ghafla kwamba mkate unaungua. Mwanamke amejificha miaka miwili kwa bidii hiyo, nami nikamchukua nikamweka mahali ambapo watu mia nne humtazama kila Jumapili na jua likipita usoni pake.

Jumatatu Evaristi akaja tena. Safari hii hakutazama watakatifu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la tatu, akainama.

"Huyu mama iko nani?"

"Wa kitabuni," nikasema. Jibu lilitoka haraka mno.

"Wa kitabu."

"Ndiyo. Nimenakili."

Akatoa kijitabu cheusi akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Kisha akasema kwa upole sana kwamba Jumamosi, kabla ya kikao cha halmashauri, atamwomba Padri hicho kitabu, angependa na yeye kukiona.

Daftari, unaona ninapokwama. Kitabuni waoka mikate ni wanaume wawili wenye ndevu. Hakuna mama yeyote. Jumamosi ni kesho.

Tangu Jumatatu sijala vizuri. Nimemshuku kila mtu. Nimemshuku mlinzi wa kanisa, kwamba ndiye aliyemwambia Evaristi. Nimeishuku hata mvua, kwa sababu inawafanya watu wakae ndani na kuongea. Nimemshuku mke wangu Zaina, aliyeniuliza tu kwa nini nimenyamaza, nikamjibu vibaya, na bado sijamwomba radhi. Na mara mia nimejiuliza kama Evaristi hana nia yoyote, kama ni mtu wa ofisi tu anayependa kuandika kila anachokiona. Inawezekana. Ndiyo mateso ya siku hizi: kila kitu kinawezekana.

Juzi Jumatano Veneranda akaja kanisani.

Alikuja mchana, saa ambayo hapana mtu, amejitanda kitenge kama mtu mwenye homa. Alijua pa kwenda, kumaanisha kwamba maneno yalishafika Gitega. Akasimama mbele ya kioo. Nikashuka ngazi, nikasimama nyuma yake na brashi mkononi kama mwanafunzi aliyekamatwa. Nilitegemea atanitukana, na nilitaka anitukane.

"Baba Zubeda," akasema, bila kugeuka, "watu wanasema uliniweka mu kanisa."

"Iko muzuri," akasema. "Sikujua mimi iko hivi."

Nilisikia matone kwenye bati. Kisha akainua mkono, hakugusa kioo, akapitisha kidole hewani kufuata mstari wa pua, kuanzia katikati ya nyusi mpaka chini. Mstari ule nilikuwa nimeuchora kwa pumzi moja, bila kuinua brashi.

"Nipunguzie hii pua," akasema. "Kidogo tu. Na hii shingo. Mbabarira."

Mbabarira ni nisamehe. Yeye ananiambia mimi nimsamehe.

Nikamwambia sawa. Nikamwambia kazi ya dakika tano, wembe na rangi kidogo. Akashukuru, akaweka mfuko wa mikate miwili juu ya benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jana nilishinda na wembe mkononi. Siongezi chumvi. Niliuweka kwenye kioo mara nne. Mitume niliwafuta bila kufikiri, kwa sababu mitume hawakunijua wala mimi sikuwajua. Lakini hii pua naijua. Nikawaza: nikiikata, kila asubuhi nitakapokwenda kununua mkate nitamtazama usoni nikitafuta pale nilipopunguza. Na kama nikiikata, bado ni yeye. Jicho limefumba, midomo imekazwa. Mtu anayemjua atamjua hata nikimwekea pua ya kiboko.

Leo asubuhi nimefika mapema, mvua inamwagika. Padri alikuwa tayari ndani, ameketi benchi la mbele na kitabu kwenye mapaja, kimefunguliwa karibu na mwisho, kurasa ambazo sikuwahi kuzifikia.

"Hapa ulisoma?" akaniuliza.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Lile kanisa kuu, lakini madirisha yake yote ni matundu, yamezibwa kwa vitambaa na mbao. Chini, wanaume wamesimama kati ya masanduku. Padri akanisomea taratibu, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha Bukavu. Vita ilipokuwa inakaribia, watu wa mji walipanda wakavitoa vioo vyote, kimoja kimoja, wakaviandika namba, wakavifunga ndani ya masanduku, wakavipeleka kufichwa chini ya ardhi, mbali. Vita ilipokwisha wakavirudisha mahali pake. Ndiyo maana vipo mpaka leo.

Akafunga kitabu. Akasema ana misa ya wagonjwa, akachukua mwavuli wake akaenda. Kitabu hakukiacha.

Sasa na yeye namshuku. Alijua? Alifungua ukurasa ule kwa bahati, au mzee huyu anayecheka kila kitu amekuwa akiona kila kitu? Miaka yote hii nimemdharau kidogo, moyoni, kwa kucheka kwake. Sijui. Sitamwuliza, na nadhani yeye anategemea nisimwulize.

Vioo vya fremu za chuma vinashikwa na puti, ule udongo wa mafuta unaokauka kama jiwe. Niliukwangua kwa kisu kuzunguka kioo cha Veneranda, polepole, pande zote nne, huku sikio langu liko mlangoni. Kilipolegea nikakipokea kwa viganja. Nilishangaa kilivyo chepesi. Mahali pake nikaweka kioo kitupu nilichokuwa nimebakiza, nikakandamiza puti mbichi kwa kidole gumba.

Upande wa nyuma nikaandika kwa rangi nyeusi, herufi ndogo: dirisha la tatu, chini, kushoto. Wale wa Ufaransa waliandika namba. Mimi sikuwa na namba, nilikuwa na kioo kimoja tu. Jina sikuandika.

Kwa kuwa ni Ijumaa, nilikuja na kanzu na mkeka wangu wa kusalia, niende msikitini moja kwa moja. Nikakizungushia kioo mkeka, nikaubana kwapani. Nilikuwa nafika mlangoni Evaristi akaingia, anakung'uta viatu. Hakusema angekuja leo.

Macho yake yakaenda dirishani kabla hayajaja kwangu.

"Yule mama iko wapi?"

"Kimepasuka. Upepo."

"Vipande viko wapi?"

"Nimetupa."

Alitembea mpaka dirisha la tatu. Akagusa puti mbichi, akanusa kidole chake. Halafu akatazama sakafuni, chini ya dirisha, ambapo mwanga mweupe ulikuwa umeanguka peke yake katikati ya rangi. Akatoa kijitabu. Nilimwona anatafuta ukurasa. Akasimamisha kalamu, akanitazama mimi, kanzu yangu, mkeka wangu, kisha akasema, bila ukali wowote, "Swala njema, Muswahili."

Hakuandika. Au aliandika baada ya mimi kutoka. Nimelifikiria hili mchana kutwa na sijafika popote.

Njia panda palikuwa na askari wawili wanaangalia vitambulisho. Mmoja akaugonga mkeka kwa vidole, akasikia ugumu.

"Kuna nini?"

"Ubao wa Kurani," nikasema. Uongo wa nne katika wiki moja, na huu nilikuwa nao njiani kwenda kuswali.

Msikitini nilitandika mkeka, na kioo nikakiacha chini yake kwa sababu sikuwa na pa kukiweka, kikawa pale paji la uso linapofika. Nilisujudu taratibu kuliko siku zote, nikihofia kukivunja. Kwa hiyo leo nimeswali Ijumaa na uso wa mwanamke Mkristo chini ya paji langu. Mjomba alikuwa safu ya nyuma yangu. Sijui adhabu ya jambo hili ni nini. Nilichoomba nakijua, na sitakiandika.

Kisha nikaenda Gitega.

Tadeo alikuwa ukumbini, akaitikia salamu kwa mkono. Veneranda alikuwa anatoa mikate. Nikaingia nyuma, nikafunua mkeka juu ya meza ya kukandia. Jua lilikuwa limetoka wakati huo. Nikakiinua kioo mbele ya mlango, na rangi zikamwangukia kifuani na mikononi, nyekundu na buluu, mpaka kwenye unga.

Akakitazama muda mrefu. Aligusa pua kwa ncha ya kidole, akaacha alama nyeupe.

"Haukupunguza."

"Nilishindwa, Mama Klodina."

Nilidhani atakasirika, maana nilikuwa nimeahidi. Badala yake akatabasamu, tabasamu la kwanza nililoliona kwake tangu ile Oktoba, na likaondoka upesi. Akaniuliza pale mahali pake pameingia nini. Nikamwambia kioo kitupu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei.

Nikamwomba radhi. Nilisema yote: kwamba sikumwuliza, kwamba nilidanganya, kwamba wembe niliushika kweli. Akanisikiliza huku akifuta meza. Nilipomaliza nikamwambia kioo ni chake, na nikataka kumweleza nimefikiria kukificha wapi, ili siku ya kukirudisha ikifika naye ajue.

Aliniziba mdomo kwa kiganja chake chenye unga. Kwa miaka minane hajawahi kunigusa hata kidole.

"Usinielezee," akasema. "Nikijua, wanaweza kunifanya niseme."

Akanifungia mikate miwili. Nikakunja mkeka wangu, kioo kikiwa ndani, nikaondoka.

Sasa ni jioni. Zaina yuko jikoni, nimemwomba radhi, ameniambia nimechelewa lakini amepokea. Kioo kimeshafika kinapokwenda. Kesho Evaristi atakifungua kitabu na atawaona wale wenye ndevu wawili, na mimi nitapanda ngazi nimalizie mchinjaji. Nimeamua mchinjaji atatugeuzia mgongo.

Nilianza kutaja humu mahali nilipokiweka. Niliandika maneno mawili, nikasimama, nikayafuta kwa wembe uleule, na karatasi imetoboka.

Utanisamehe, daftari. Hata wewe una kurasa, na mtu anaweza kukufungua.